Wiki Sita za Komeo Nyumbani

Mwanaume mzima akishinda nyumbani wiki nzima bila kuumwa, ujue kuna jambo. Wangu alishinda wiki sita, tena katikati ya msimu, na hakuwa na hata mafua.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yangu: mashine mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni na benchi la wateja. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa nilizoea kukaa humo peke yangu, maana mume wangu ni mchezaji wa mpira, na mchezaji wa mpira ni mtu wa kuondoka. Anaondoka alfajiri kwenda mazoezini, anaondoka Ijumaa kwenda kambini, anaondoka na basi la timu na kurudi na begi ambalo ukilifungua unageuza uso. Watu wanamwita Komeo. Ni beki wa kati, na jina alipewa na mashabiki enzi zile ambapo mshambuliaji akifika kwake haoni pa kupita. Sasa ana miaka thelathini na mitano. Bado wanapita kwa shida, lakini siku hizi akitoka kwenye mechi anashuka ngazi za basi kwa kujishikilia, na akifika nyumbani namwekea barafu kwenye goti bila yeye kuomba na bila mimi kuuliza.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Uongozi wa klabu ulileta kanuni mpya: mchezaji aliyevuka miaka thelathini na mitatu hapewi tena mkataba wa mshahara. Atalipwa kwa mechi aliyocheza. Akiumia akakaa nje miezi mitatu, shauri yake, na dawa anunue mwenyewe. Hizo ndizo shukrani za mtu aliyewapa magoti yake yote mawili! Nilipoisoma karatasi ya kanuni hiyo nilitaka kuirudisha mwenyewe ofisini kwao, na mkasi mkononi, mume wangu akanizuia mlangoni.

Waliovuka umri huo kwenye timu walikuwa watatu. Wa kwanza mume wangu. Wa pili Mapafu, kiungo, ambaye hukimbia dakika tisini na akimaliza anaongea kama mtu aliyekuwa amekaa sebuleni. Wa tatu Babu, kipa, mwenye miaka thelathini na minane, mjane, mtu wa utani hata msibani. Walikutana kwangu, wakabanana kwenye benchi la wateja, wakakubaliana. Hawatavaa jezi mpaka wapewe mikataba ya mwezi kwa mwezi yenye matibabu. Hawatakanyaga uwanjani hata kutazama, wasije wakaonekana wanabembeleza. Na watasaini siku moja, chumba kimoja, wote watatu, au asisaini mtu.

Hilo la mwisho lilikuwa kwa ajili ya Babu, ingawa hakuna aliyelitamka. Klabu bado ilimtaka Komeo. Mapafu ilimtaka pia, kwa shingo upande. Babu walishampatia mrithi, na akiachwa peke yake mbele ya Mwenyekiti angepewa mkono na kuagwa. Wenzake waliamua hataachwa peke yake.

"Shemeji," Babu aliniambia siku ile akiondoka, "huyu mumeo namjua. Miguu yake itagoma vizuri tu. Mdomo wake ndio sina imani nao. Mchunge."

"Nitamchunga," nikasema, na nilisema kwa kujiamini kabisa.

Alikuwa na sababu ya kuuogopa huo mdomo. Komeo si mtu wa mbio na hajawahi kuwa. Kazi yake kubwa uwanjani ni kuwapanga wenzake kwa sauti. Akiona mshambuliaji ananyemelea nyuma yao anapiga ukelele mmoja, "Panda!", na mabeki wote wanne wanasogea mbele kwa pamoja, yule mjanja anabaki nyuma peke yake, ameotea, kibendera cha mwamuzi kinapanda. Sauti hiyo inasikika hadi nje ya ukuta wa uwanja. Mimi mwenyewe nilimsikia kabla sijamwona, na hadithi ya tulivyooana inaanzia hapo, ila hiyo ni ya siku nyingine.

Basi nikabaki na sauti hiyo ndani ya nyumba. Wiki ya kwanza aliamka saa kumi na moja na nusu kila siku, akavaa viatu, akakumbuka, akavua. Wiki ya pili alihamia karakana yangu. Wateja wakija aliwapanga: "Mama, wewe kaa kulia. Dada, sogea katikati, msirundikane, acheni nafasi!" Nyuzi zangu alizipanga kwa rangi za timu za ligi, kuanzia inayoongoza. Siku moja alijitolea kupika, na sufuria ile mpaka leo napandia maua.

Lakini lazima niseme na haya pia. Tulikuwa tukila chakula cha mchana pamoja, kitu ambacho kwetu kilikuwa kigeni. Watoto wakirudi shule wanamkuta baba yao amelala chali sakafuni, mdomo wazi, wanamruka na kupita. Na alasiri moja alikaa ananitazama nikifanya kazi, kisha akasema, "Kumbe ukitunga uzi unafumba jicho la kushoto." Miaka kumi na minne, na alikuwa hajui. Mshahara wake ulikuwa umesimama, tulikula kwa cherehani, na bado kuna usiku nililala nikiomba Mwenyekiti aendelee na ukaidi wake walau wiki moja zaidi. Nilijionea aibu, lakini niliomba.

Wiki ya nne ikafika, timu ikiwa imefungwa mechi tatu mfululizo. Jumamosi ilikuwa inacheza nyumbani. Komeo alizunguka ile meza ya kukatia tangu asubuhi, mwisho akasimama mbele yangu.

"Naenda kuangalia tu."

"Mlikubaliana nini?"

"Nitavaa kofia. Nitakaa kimya kama maji mtungini. Mke wangu, nisipoenda nitakufa."

Nilipaswa kukataa. Nilimtazama, nikafunga mashine. "Hutaenda peke yako," nikamwambia. Nikamvalisha kofia pana ya jua ya dada yangu, yenye utepe, akaivaa bila kulalamika, ndipo nikajua hali yake ni mbaya kweli.

Tulikaa jukwaa la chini, nyuma ya goli. Kipindi cha kwanza goli letu lilikuwa upande wa mbali, na huko tukafungwa moja. Komeo alikuwa ameikalia mikono yake, wallahi, ameweka viganja chini ya mapaja na kuvikalia. Hakufungua mdomo. Nilijivunia ulinzi wangu. Baada ya mapumziko timu zikabadilishana pande, na mabeki wetu wakawa mbele yetu hapo hapo, karibu kiasi kwamba nilisoma majina migongoni.

Dakika chache tu, nikaona. Mimi si mjinga, nimeoa mpira kwa kuolewa. Mshambuliaji wao alikuwa anarudi nyuma taratibu nyuma ya mabeki wetu, anajifanya anafunga kamba ya kiatu, na wale wanne wamesimama tu, kila mmoja anamngoja mwenzake. Mpira ulikuwa unakuja. Nikasimama kwenye kiti na kupiga kelele kwa sauti ninayoitia watoto barabarani:

"Panda!"

Uwanjani hakugeuka mtu. Aliyegeuka ni mmoja, pembeni yangu. Komeo alinitazama kwa macho yaliyomtoka, kama mtoto ambaye mlezi wake amemwambia, "Haya, kacheze." Kisha akachomoa mikono chini ya mapaja, akasimama, kofia ya dada yangu ikaanguka.

"PANDAAA!"

Wale mabeki hawakuuliza sauti inatoka wapi. Walisogea wote wanne kwa pamoja, mguu kwa mguu. Yule mjanja akapokea mpira, akafunga, akaanza kushangilia peke yake, kibendera kiko juu. Jukwaa zima likaangua kicheko, kisha likaanza kuimba jina la mume wangu. Hakukaa tena. Alipanga timu kutoka kwenye viti mpaka sauti ikamkauka, tukashinda mbili kwa moja, na mimi niliyekwenda kumziba mdomo nilikuwa nimesimama naye, nalia kwa furaha.

Jumapili asubuhi Mwenyekiti wa klabu alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye benchi la wateja, akakunja nne.

"Kumbe sauti yako tunaipata bure," akasema, akacheka. Sisi hatukucheka. Akatoa karatasi. Miaka miwili, mshahara wa mwezi, matibabu yote, kila kitu walichokuwa wakikidai.

"Na wenzangu?" Komeo akauliza.

"Wenzako tutawaangalia baadaye. Redioni nimeshawaambia umerudi. Kesho saa nne ofisini kwangu. Ikipita saa nne, nayo imepita."

Aliiacha karatasi juu ya meza yangu ya kukatia, akaondoka. Komeo aliisoma amesimama, mara mbili, kwa sauti iliyokwaruza.

Sitajifanya malaika. Nilimwambia, "Saini." Kichwani nililiona goti lile likitibiwa miaka miwili bila mimi kuhesabu vipande vya barafu.

"Na Babu je?"

"Babu ni mtu mzima," nikasema, na kabla sijamaliza nilitamani kuyarudisha maneno yangu mdomoni.

Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema twende kwa Babu.

Babu anaishi chumba na sebule nyuma ya duka la vipuri, na tulipoingia tulimkuta Mapafu ameshafika, amesimama, hataki kukaa.

"Mtaa mzima umesikia redio," Mapafu akasema. "Umetuuza kwa bei gani?"

"Sijamuuza mtu. Nimekosa," Komeo akasema. "Nilikwenda uwanjani, nikapiga kelele. Ni kosa langu."

Nikamngoja aendelee. Nikangoja aseme, "Lakini mke wangu ndiye aliyeanza." Hakusema. Alikuwa anatazama ncha za viatu vyake, na nikaelewa kwamba angekaa hivyo mpaka kiama bila kunitaja. Nimempenda mtu huyu kwa sababu nyingi za ovyo, lakini siku ile nilimpenda kwa sababu ya maana.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye alikuwa kimya. Ameikalia mikono yake. Mimi ndiye niliyesimama kwenye kiti nikapiga kelele ya panda."

Babu alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini. "Shemeji. Si nilikwambia umchunge?"

"Uliniambia."

"Na wewe nani alikuwa anakuchunga?"

Mapafu hakutaka utani. "Mnatania! Watu tumekaa na njaa, halafu mnakwenda kuwaokoa! Tena waliookolewa hata hawajui mpira. Lile goli la kwanza, kipa wao huyo mpya katoka mapema kabisa, kalala kushoto, mpira kulia!"

"Hakulala," Babu akasema, akisambaza vikombe. "Aliteleza. Njumu zake zimekwisha meno, nimeziona kwa macho ya..."

Akanyamaza. Mechi ile haikuonyeshwa popote.

"Umeziona wapi?" Mapafu akauliza polepole.

"Na wewe umejuaje alitoka mapema?"

Ikabidi wafunguke. Mapafu alikuwa chini ya ubao wa matokeo, amejifunika shuka la mwanawe. Babu alikuwa nyuma ya lile goli la mbali kipindi chote cha kwanza, amevaa miwani ya giza, na alishamwambia yule kipa "toka" na "kaa" mpaka mwokota mipira akamwomba apunguze sauti. Watatu hao walikuwa wamekula kiapo kimoja na kukivunja katika uwanja mmoja, kila mmoja kona yake. Mapafu ndiye aliyeanza kucheka, tena akiwa bado amekasirika. Babu alicheka mpaka akashika ukuta.

Kicheko kilipoisha Komeo alitoa ile karatasi mfukoni na kumpa Babu. "Ikae kwako mpaka kesho saa nne ipite," akasema.

"Usiwe mwendawazimu," Babu akamwambia, utani umemtoka wote usoni. "Una watoto. Mimi nina birika. Saini, ndugu yangu."

"Tulisema chumba kimoja."

Asubuhi ya pili walikaa wote watatu kwenye benchi langu wakitazama saa ya ukutani. Nilikuwa nashona sketi ya shule ya mtu, na mshono wenyewe ulikwenda upande kama mlevi. Saa nne ikafika. Ikapita. Nje watu walikuwa wanapita na shughuli zao. Babu akaomba maji ya kunywa, akanywa glasi nzima bila kupumua, na macho yake sikuyatazama.

Walijua sasa kosa lilikuwa wapi. Klabu ilikuwa imepata kazi yao bila mkataba, na kitu pekee walichobakiwa nacho ni kuinyima. Jumamosi iliyofuata walikwenda uwanjani wazi wazi, bila kofia wala shuka, wakakaa katikati ya jukwaa kuu, mimi nikiwa kati ya Komeo na Babu. Hawakusema neno. Mashabiki walidhani ni mchezo. "Komeo, sema!" wakamwita. "Babu, mwambie huyo kipa!" Mabeki wetu kila wakipigiwa mpira walikuwa wanageuza shingo kutazama jukwaani. Tukafungwa la kwanza, tukafungwa la pili. Komeo alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Zile jezi alizivaa tangu ana miaka kumi na tisa, na alikuwa ameketi hapo anaziangalia zikizama, na neno la kuziokoa liko mdomoni mwake. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya kazi ngumu kama ile.

La tatu lilipoingia, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa mbele yetu aligeuka kutuangalia. Akamwona Komeo anavyolia. Hakumwambia aseme. Alisimama, akaupa uwanja mgongo, akainua uso kutazama viti vya juu anapokaa Mwenyekiti. Aliyekuwa jirani yake akafanya vivyo hivyo. Ikaenea safu kwa safu, mpaka jukwaa zima likawa limesimama linamtazama mtu mmoja, hakuna tusi, hakuna chupa, mechi inaendelea nyuma yao bila mtazamaji. Mwenyekiti alitoka dakika kumi kabla ya filimbi.

Jumanne barua zilifika, tatu. Kanuni imeondolewa. Komeo na Mapafu miaka miwili, Babu mwaka mmoja wa kudaka na mwaka mmoja wa kuwafundisha makipa. Alhamisi, saa tatu asubuhi, kila mchezaji aje na shahidi wake.

Chumba cha ofisi kilikuwa kidogo kwa watu wengi hivyo. Mapafu alikuja na kaka yake. Mimi nilikuwa shahidi wa mume wangu. Komeo akasaini, nikasaini chini yake. Mapafu akasaini. Babu akaivuta karatasi yake, akashika kalamu, na hapo nilimwona Katibu wa klabu akitazama vidole vyake. Miaka ishirini ya mipira imevivunja vyote; viwili havikunji kabisa. Kalamu ilimponyoka mara mbili. Katibu, kwa wema tu, akasogeza kile kidau cha wino wa kuwekea dole gumba. Babu alikiangalia, akakisukuma pembeni kwa kiwiko, akaanza upya. Aliandika jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, herufi moja moja. Mwenyekiti alitazama saa mara mbili. Komeo akamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Mzee, subiri," na Mwenyekiti akasubiri.

Alipomaliza, Katibu akauliza, "Shahidi wako yuko wapi?"

Babu akakuna kichwa. Nikakumbuka kuwa mtu wa kumsimamia alishamzika miaka saba iliyopita. Komeo tayari alikuwa ananyoosha mkono achukue kalamu, lakini Katibu akasema mchezaji hawezi kumsimamia mchezaji.

"Sikusema yeye," Babu akajibu. Alinigeuzia karatasi, akaisukuma mezani mpaka ikanigusa. "Weka jina lako hapa, shemeji. Wewe ulishanisimamia hata kabla sijakuomba. Tena ulisimama kwenye kiti."

Nikashika kalamu. Nilikuwa nalia hadharani, mbele ya Mwenyekiti niliyetaka kumfuata na mkasi, na mstari wenyewe sikuuona vizuri. Komeo akaweka kidole chake kwenye karatasi kunionyesha mahali, nikaandika jina langu chini ya la Babu.